Injini ya jenereta chakavu kwa msumeno wa mbao

Fundi, umeuliza kama injini ya dizeli ya jenereta iliyokufa upande wa umeme itafaa kuzungusha msumeno wa mbao. Inafaa, tena kuliko ya gari, maana ina gavana, yaani kifaa cha kudhibiti kasi: mzigo ukizidi inajiongezea mafuta yenyewe na kasi haiyumbi sana.

Kabla hujalipa, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia; achana nayo. Iwashe ikiwa baridi (ukikuta muuzaji keshaipasha moto, shtuka). Ikishapata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukisukuma kwa nguvu pale, ringi za pistoni zimekwisha.

Ukiichukua, ing'oe pamoja na rejeta, chujio la dizeli na mipira yake ya kukalia, kwani kimoja kimoja vinakula hela.

Puli ni hesabu tu: injini ya mizunguko 1500 kwa dakika yenye puli ya milimita 200, ikivuta kwa mkanda puli ya 100 ya msumeno, inakupa kama 3000. Soma kwanza kikomo cha mizunguko kilichoandikwa kwenye diski ya msumeno. Ekzosi itokee nje ya ukuta, na swichi ya kuzimia iwe mahali unapoifikia bila kuruka mkanda.