"À le" imekatazwa, mbona "à la" inapita?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni hapa Mikindani, Kifaransa najifunzia kwenye simu. Juzi nilimwambia mgeni "on va à le marché", yaani tunaenda sokoni, akanisahihisha: "au marché". Lakini niliposema "à la plage", ufukweni, alinyamaza tu. Sheria ni ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kifaransa hakitaki "à" (kwenye, kwenda) ikae na "le", kineno kinachotangulia nomino ya kiume. Zikikutana huwa "au", inayosomwa "o", usiichanganye na "au" yetu. "À" na "les" (ya wingi) huwa "aux"; "de" (kutoka, ya) na "le" huwa "du"; "de" na "les" huwa "des". Ni hizo nne tu. Sisi tuna hiari, "na wewe" au "nawe", Mfaransa hana.

"La", ya nomino ya kike, haiguswi, wala "l'", yaani "le" au "la" iliyofupishwa mbele ya irabu au "h" isiyosomwa. Hapo ndipo wanafunzi wangu wa Shangani wanapoanguka: wanajua "hôtel" ni ya kiume, basi mbio mbio wanaandika "au hôtel". Hapana! Ni "à l'hôtel".

Majina ya mahali nayo yamo. Anayetoka Komoro, "il vient des Comores". Akirudi, "il va aux Comores". Hata mji wa Le Havre: "au Havre", "du Havre".

Ila chunga "le" inayotangulia kitenzi: "J'ai oublié de le dire", nimesahau kulisema. Hiyo ni kiwakilishi, haiungani na chochote. Ukiniandikia "du dire", kalamu nyekundu inakuhusu.

Kesho ukiwashusha bandarini, sema "au port".