Usiogope, Addis utakula vizuri tu bila nyama

Dada unayeenda Addis Ababa siku kumi na huli nyama, neno la kushika ni "yetsom", yaani chakula cha mfungo. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka ni siku 55. Siku hizo hawagusi nyama, maziwa, mayai wala siagi, kwa hiyo mgahawa wowote wa kawaida unajua kupika bila hivyo.

Agiza "yetsom beyaynetu". Utaletewa sinia la injera, ile kama mkate wa kumimina lakini chachu, na juu yake mafungu mafungu: adesi nyekundu zenye pilipili ya berbere, kabichi na karoti, mboga za majani, na shiro, uji mzito wa unga wa dengu. Mkono wa kulia, unamega na kuchota.

Sasa shiro ndiyo iliniponza. Niliagiza siku ya Jumapili bila kuuliza, kikaja chungu kinatokota, kijiko cha kwanza nikakutana na kipande cha ng'ombe. Kumbe hiyo ni bozena shiro. Sema kabisa "siga albelam", sili nyama. Na kama huli samaki pia, taja, maana wengine humhesabu kuwa chakula cha mfungo.

Saa wanahesabu kama sisi, saa mbili asubuhi ni saa mbili. Hapo angalau hutapotea.