Usiku wa Horombo, pumzi iliponikatika

Juzi usiku msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia. Mwezi ujao anapanda Kilimanjaro, na kuna mtu kamwambia kwamba kule juu mtu unaacha kupumua usingizini, halafu unashtuka kama uliyezama. "Kaka, ni kweli au ananitisha?"

Ni kweli, dada. Yalinikuta.

Mara ya kwanza nilipita njia ya Marangu kifua mbele, mkimbiaji wa kila alfajiri, nikiwaacha Wazungu watu wazima nyuma. Kambi ya Horombo, mita 3,720, niliamka nimekaa kitako, nimeng'ang'ania zipu ya begi la kulalia, nahema. Jamaa wa kitanda cha juu akasema: "Unahema kwa nguvu mara tatu, nne, kisha kimya. Nimehesabu hadi kumi na mbili nikataka kukutingisha."

Baadaye nilisoma sababu. Shingoni, pale ateri kubwa inapogawanyika, kila upande kuna kinundu kama punje ya mchele. Kazi yake kuonja damu. Oksijeni ikipungua, kinatuma habari kwa neva hadi shina la ubongo, nalo linaamuru misuli ya kifua iongeze kasi. Mbelgiji Corneille Heymans alipata Nobel ya 1938 kwa kuonyesha kazi ya vinundu hivyo. Tatizo ni kwamba ukihema sana unaimwaga kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo inayouhimiza ubongo uvute pumzi. Ikipungua, ubongo unaona mambo shwari, unanyamaza. Oksijeni inashuka, shingo inapiga kelele, unashtuka. Mvutano huo unaweza kwenda usiku kucha.

Asubuhi kiongozi wetu alitaka tukae Horombo siku moja zaidi. Nikakataa, mjuaji mimi. Kambi ya Kibo, juu ya mita 4,700, nikameza na kidonge cha usingizi, wakati dawa za namna hiyo zinaweza kuuzubaisha ubongo usisikie shingo. Sikufika popote. Nilishushwa natapika, nimeshikwa mkono kama bibi harusi. Ofisini hadi leo wapo wanaoniita Bwana Harusi, na sicheki.

Januari hii nilirudi. Siku ya ziada nikailipia, nikapanda kidogo mchana, nikarudi kulala chini. Kwa siku hizo figo hutoa alkali kwenye mkojo, na ile breki ya ubongo kunyamaza kabonidayoksaidi ikipungua inalegea. Uhuru, mita 5,895, nimesimama kwa miguu yangu.

Sasa nyie vijana wenzangu, haraka ya nini? Viatu vya laki nne mnanunua, siku moja ya kupumzika mnaiona ghali. Lipieni siku ya ziada. Pombe na vidonge vya usingizi acheni nyumbani. Ukikosa pumzi umekaa tu, au ukitembea unayumba, shuka usiku huohuo. Na siku ya ziada, narudia, lipieni.

Dada wa Morogoro kaniandikia tena: hiyo siku moja haiwezi kupunguzwa ili gharama ishuke? Nimemtumia ile picha niliyoshikwa mkono.