Saa Inayong'aa Gizani

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Seiko ya wapiga mbizi. Gizani inang'aa vizuri, lakini nikiipiga picha napata ukungu wa kijani tu, na mshale wa sekunde hauonekani. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukungu huo naujua. Nilishapoteza jioni nzima nimejifungia stoo, jasho linanitoka, kumbe kamera inahangaika kutafuta fokasi kwenye giza. Weka fokasi taa ikiwa inawaka, ifunge isibadilike, ndipo uzime.

Rangi ile ni unga wa strontiamu aluminati, unaokunywa mwanga na kuutoa polepole. Imulike saa kwa tochi dakika moja, karibu kabisa. Mng'ao hushuka haraka dakika za mwanzo, kwa hiyo tayarisha kila kitu kwanza: kamera kwenye stendi, ISO 400 (kiasi kamera inavyohisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), sekunde 10 za kuiacha lenzi wazi, na taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Mshale haujapotea. Ndani ya sekunde 10 umezunguka nyuzi 60, mwanga wake ukasambaa. Vuta kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa. Mshale ukisimama, piga. Saa nyingine hazisimami. Kwa hizo utapata kitu kama upepeo hafifu, nami, kusema kweli, naupenda.

Ila saa ya zamani yenye “T SWISS T” chini ya 6, usiisumbue kwa tochi. Hiyo ni tritiamu, kitu chenye mionzi kinachoiwasha rangi bila kumulikwa, na hupungua nusu kila miaka 12.3 hivi. Ya miaka ya 1970 imeshachoka.