Neno "pistili" limetoka wapi?
Pistili ni kiungo cha kike cha ua. Jina linafanana na "pistol", yaani bastola kwa Kiingereza, lakini hapana, halihusiani na bastola. Linatokana na Kilatini pistillum, yaani mchi, ule wa kutwangia kwenye kinu. Nyuma yake kuna kitenzi pinsere, kutwanga au kuponda. Wanabotania walikiita hivyo kiungo cha kike cha ua kwa umbo lake tu: pasua ua kwa urefu uone ovari imenona chini, shingo nyembamba inapanda juu, kisha stigma imevimba kidogo kileleni. Mchi kabisa!

Niliwahi kusoma Kilatini kidogo, na mwenzake stameni, kiungo cha kiume cha ua, ndiye hunifurahisha zaidi. Stamen ulikuwa uzi wa mtande, yaani ule wa urefu, kwenye kitanda cha mfumaji (mtambo wa kufumia nguo), na asili yake ni stare, kusimama, kwa kuwa vitanda vya kale vilisimama wima na nyuzi zikaning'inia kutoka juu. Tayari Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alilitumia neno hilo kwa nyuzi za katikati ya ua.

Ila usidhani istilahi zote za ua ni za Kilatini. Stigma ni Kigiriki, maana yake alama ya kuchomwa.