Kabla hujawaonyesha watu wa Tanga programu yako ya sauti

Ukileta Tanga programu ya akili mnemba inayogeuza sauti kuwa maandishi, usianze na alama moja ya jumla. Jumla huficha mengi. Vijana wa Chumbageni waliosoma sentensi chumbani kwa utulivu wanaweza kuipandisha alama yote, huku bibi wa Tongoni anayesema Kimtang'ata, lahaja ya huko, haeleweki hata nusu. Pima kila kundi peke yake, wazee, wanawake, waliorekodiwa kwenye upepo wa pwani ya Deep Sea, na useme wazi ni nani programu haimsikii.

Hesabu yenyewe ya makosa si ngumu: jumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyochomekwa, ugawe kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Ila kwa Kiswahili haitoshi. Mvuvi kasema "tumelipwa", programu ikaandika "tumelipa". Imedondoka herufi moja tu, lakini pesa imebadili mfuko. Kipimo kinaliona kosa hilo sawa na "Ijumaa" iliyopungua a moja. Kwa hiyo keti na msemaji wa hapohapo, mpitie kwa macho vitenzi vya kukanusha na vya kutendwa. Kazi hii inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Kwenye kurekodi, sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, mkondo mmoja (mono), faili la WAV: saa moja inakula kama megabaiti 115. Ukihifadhi MP3, inayobana sauti kwa kutupa sehemu yake, kisha ukaigeuza WAV, kilichopotea hakirudi. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, pumzi ya p na b isigonge maikrofoni. Na unapotenga sauti za kupimia, tenga wasemaji, si sentensi. Msemaji mmoja akiwa kwenye sauti za kufundishia na za kupimia pia, alama zinapanda kwa uongo.

Ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida. Sauti inayomtambulisha mtu inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kila msemaji apewe namba, majina yakae daftari jingine lililofungiwa; bila namba hutaipata rekodi ya anayetaka kujitoa. Mwambie pia mapema, kabla hajakubali: rekodi itafutwa, lakini programu iliyokwisha kujifunza kwayo haisahau mpaka ifundishwe upya.

Siku ya kuonyesha, mpe simu mzee aliyekaa nyuma. Iwe simu ya bei ya chini, data imezimwa.