Sufuria haioti kutu

SWALI: Nasoma sayansi hapa Dodoma. Kwenye ripoti nimeandika: "Kutu ya alumini ilitazamwa kwa darubini ya elektroni." Mwenzangu anataka niandike "utando wa oksidi". Nani amepatia?

JIBU: Mwenzako. Kwanza iondoe hiyo darubini. Ni neno la Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Darubini ni ya kutazamia mwezi. Vitu vidogo vina hadubini.

Kinachonikera ni kutu, na kimenikera miaka mingi. Siku hizi oksidi yoyote, yaani metali iliyoungana na oksijeni, juu ya metali yoyote huitwa kutu, hata na wenye shahada. Nenda Soko la Majengo, mkute mama lishe akisugua sufuria ya alumini kwa majivu mpaka inang'aa, kisha umwambie imeota kutu. Hatakuelewa. Kisu chake kimeota kutu, sawa. Bati la banda limeota kutu. Jiko la mkaa limeliwa na kutu mpaka likatoboka kitako. Sufuria je? Sufuria hushika masizi, hubonyea, huchakaa. Kutu haioti. Kiswahili cha mama huyu kimeipatia kemia kuliko ripoti yako.

Kutu kwetu ina kitenzi chake: inakula. Huvimba, hubanduka magamba, na chuma cha chini kinabaki wazi kwa maji na hewa, nacho kiliwe. Utando wa alumini hufanya kinyume. Mama akisugua, pale pale hewa inaujenga upya. Una unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), lakini umeganda juu ya metali na kuizuia hewa isipenye. Hadubini ya mwanga hukomea kwenye nanomita 200 hivi, kwa hiyo unene huo haikuonyeshi. Ndiyo maana ukahitaji ya elektroni, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1931. Umeutazama mlinzi kwa chombo cha namna hiyo, halafu unampa jina la mlaji!

Shaba ikigeuka kijani watu wakasema imeota kutu, nimechoka kubishana, waseme. Kwa alumini sikubali. Andika: "Utando wa oksidi juu ya alumini ulitazamwa kwa hadubini ya elektroni." Hata weupe unaojitokeza kwenye zinki iliyopakwa juu ya chuma cha bati usiuite kutu. Kutu ni ile nyekundu, inayokuja zinki ikishaisha.